DaVinci Resolve ya bure kwa filamu ya makala ya wanafunzi: inatosha, ila haiokoi sauti mbovu

DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, katika toleo lake la bure ina karibu kila kitu ambacho filamu ya makala ya dakika kumi inahitaji mezani. Inachokosa ni vitu viwili vinavyowaumiza wanafunzi kuliko vyote: kuichomoa sauti ya mtu kwenye kelele, na kugeuza mahojiano kuwa maandishi. Vyote viwili vimewekwa kwenye toleo la kulipia, Studio, la dola 295. Kwa hiyo kundi linalochagua toleo la bure limeshachagua pia namna ya kupanga na kurekodi, lijue lisijue. Ndiyo maana tathmini hii haianzii kwenye skrini, inaanzia kwenye maandalizi.

Kwa asiyeifahamu, programu hii ni ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, iliyoinunua da Vinci Systems mwaka 2009. Asili yake ni mitambo ya kusahihisha rangi za filamu, na hadi leo upande wa rangi ndio unaoipa sifa. Chini ya skrini kuna kurasa unazopita kwa mfuatano wa kazi: Media, Cut, Edit, Fusion (efekti), Color (rangi), Fairlight (sauti) na Deliver (kutoa filamu). Toleo la bure halina siku za majaribio, haligongi nembo kwenye video yako (labda uweke efekti ya Studio), na linatoa faili hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde. Mwanafunzi hafiki huko. Gharama yake ya kwanza ni bando: faili la kusakinisha ni la GB kadhaa, na kila sasisho hupakuliwa upya zima. Mmoja apakue, wengine wachukue kwa fleshi. Hilo lina faida ya pili: wote mtakuwa na toleo moja. Mradi uliofunguliwa kwenye toleo jipya haurudi kufunguka kwenye la zamani, na mwenzenu mmoja akisasisha katikati ya kazi, wengine wote mtalazimika kumfuata.

Kabla ya kuwasha kamera

Amueni idadi ya fremu, yaani picha kwa sekunde, kabla ya kitu kingine. Resolve hufunga idadi ya fremu za mradi mara tu klipu ya kwanza inapoingia. Ukiingiza klipu ya simu ya fremu 30, itakuuliza kama ubadilishe mradi uendane nayo. Wengi hubonyeza kukubali bila kusoma, kisha klipu nyingine zote za fremu 25 zinakuwa za kurukaruka. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda chagueni 25, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50. Sababu iko ukutani: umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo taa za mrija na LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 inaendana na mpepeso huo. Shata ya 1/60, ambayo simu nyingi hujiwekea zenyewe kwenye fremu 30, huleta mikanda myeusi inayopanda na kushuka juu ya uso wa mhojiwa. Mikanda hiyo ina dawa ndani ya programu, efekti ya kuondoa mpepeso, ambayo nayo ni ya Studio.

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Video ya 1080p kwa megabiti 20 kwa sekunde inakula MB 150 kwa dakika, yaani GB 9 kwa saa. Filamu ya dakika kumi, mkirekodi mara kumi na mbili ya urefu wake, ni saa mbili: GB 18. Nakala mbili ni GB 36. Video ya 4K kwa megabiti 50 itawapeleka GB 22.5 kwa saa moja tu, na laptopu ya kawaida itaanza kuhema. Rekodini 1080p. Sababu pekee ya 4K ni kama mna kamera moja na mnataka kuikata picha ya mahojiano iwe ya mbali na ya karibu. Hapo rekodini mahojiano peke yake kwa 4K.

Mpango wenyewe uwekeni kwenye jedwali la safu tatu: jambo linalosemwa, nani analisema, na macho yanaona nini wakati huo. Safu ya tatu ndiyo huachwa tupu, na ndiyo inayoamua kama filamu itakuwa filamu au vichwa vinavyozungumza. Wahojiwa watatu au wanne wa dakika ishirini kila mmoja wanatosha kwa dakika kumi. Mkirekodi kumi, mtatumia mwezi mzima kusikiliza. Ruhusa za maandishi za mahali na za watu zipatikane mapema, na mchungulie sheria: Tanzania kuna Bodi ya Filamu, Kenya kuna KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu, na barua ya chuo haichukui nafasi ya kibali.

Uwanjani, toleo la bure likiwa kichwani

Chukulia mada ya mwenye mashine ya kusaga unga. Kishawishi ni kumhoji pembeni ya mashine inayounguruma, maana ndipo palipo na uhai. Ukifanya hivyo, toleo la bure halina la kukusaidia. Kifaa cha Voice Isolation, ambacho kingeweza kutenganisha sauti yake na muungurumo, ni cha Studio. Kile cha kupunguza kelele kilichomo kwenye Fairlight ya bure kinafaa kwa uvumi usiobadilika, kama feni au friji. Muungurumo wa kinu hupanda na kushuka kila debe linapomiminwa, na kifaa kikijaribu kuuondoa, sauti ya mtu inakuwa kama inatoka ndani ya bomba.

Kwa hiyo gawanyeni kazi. Mhojini mashine ikiwa imezimwa, kwenye stoo, akiwa amezungukwa na magunia, maana magunia yaliyojaa hunyonya mwangwi kuliko povu la studio za mtaani. Maiki ya kubana kwenye nguo ikae shibiri moja chini ya kidevu, waya upite ndani ya shati, na mkufu au kitambulisho cha shingoni kivuliwe. Akiwa na kanga ya kujitanda, banani maiki juu ya kanga, isisuguliwe chini yake. Kiwango cha sauti kisipite -12 dB anapoongea kwa nguvu. Mmoja wenu avae hedifoni muda wote; mshale wa kiwango unaruka vizuri hata maiki inaponasa upepo mtupu. Mkimaliza, kaeni kimya wote sekunde 30 na mrekodi ukimya wa chumba hicho. Utatumika kuziba mapengo kila mtakapokata neno. Kisha washeni mashine, mrekodi sauti yake peke yake dakika mbili, na picha za kufunikia: mkono unaofungua gunia, mkanda unaozunguka, unga unaoshuka, mteja anayesubiri na debe lake. Kila picha ikae sekunde 10 bila kutikisika, hata kama mnaona imetosha kwa tatu. Mezani, muungurumo ule mtauweka chini ya maneno yake kwa kiwango mnachotaka ninyi, na mtazamaji ataamini yuko pale pale.

Kuhusu kamera, Blackmagic wana programu ya simu ya bure, Blackmagic Camera, iliyotoka kwa iPhone mwaka 2023 na kwa Android mwaka 2024. Hii tunaipendekeza bila kusitasita kwa simu inayoikubali. Inakuwezesha kufunga shata, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), rangi ya mwanga na fokasi, kila kimoja peke yake, na inaonyesha kiwango cha sauti. Ufungaji huo ndio siri: simu ikiachiwa ijiamulie, mhojiwa akiinamisha kichwa tu picha nzima inabadilika mwanga, na hakuna marekebisho ya rangi yanayofuatia mabadiliko hayo kwa urahisi. Shida ni kwamba kwa Android si kila simu inaruhusiwa. Aliyekosa atumie hali ya Pro ya simu yake au programu ya Open Camera. Pimeni mwanga kwa uso wa mhojiwa, si kwa dirisha lililo nyuma yake. Ngozi nyeusi iliyopigwa giza mbele ya mbingu nyeupe inapoangazwa baadaye hutoa chengachenga, na kifaa cha kusafisha chenga nacho kiko Studio. (Mnaona sasa wauzaji walivyopanga milango yao.) Mgeuzeni mhojiwa aelekee dirishani, biashara iishe.

Wenye iPhone wazime HDR (video yenye upana mkubwa wa mwanga) kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kuanza. Klipu za HDR zikiingia kwenye mradi wa kawaida wa Resolve, mbingu na mashati meupe huonekana yameungua, na wanafunzi hudhani wamekosea mwanga.

Mezani

Kosa la kiufundi linaloua miradi mingi ya simu ni fremu zisizo na mwendo mmoja. Kamera ya kawaida ya simu hurekodi fremu 29 hapa, 31 pale, kulingana na mwanga na joto la simu. Matokeo yake huonekana kwenye mahojiano marefu: mwanzoni midomo inaendana na sauti, dakika ya kumi na tano maneno yanatangulia midomo. Usihangaike kuisogeza sauti kidogo kidogo kwenye mstari wa kuhariria. Pitisheni klipu zote kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, chagueni 25 na Constant Framerate, ubora RF 18, kisha ndipo mziingize. Shutter Encoder nayo ni ya bure na hufanya kazi hiyohiyo.

Tatizo la pili: kwenye Windows, toleo la bure mara nyingi haliioni picha ya klipu za biti 10 za H.264 au H.265, mibano ya kawaida ya video, kutoka kamera mpya. Klipu inaingia na sauti tu. Kamera haijaharibika. Rekodini biti 8, au mzibadilishe kuwa DNxHR, muundo wa video ulio rahisi kuhaririwa. Wanaotumia Linux wana hali ngumu zaidi, kwa sababu huko toleo la bure halijajengewa H.264 kabisa kama lilivyo Windows na Mac, na kila klipu italazimika kubadilishwa. Mwenye Ubuntu na haraka aangalie Kdenlive, programu nyingine ya bure ya kuhariri.

Laptopu inayopendekezwa ni ya RAM GB 16. Kwa GB 8 inafunguka na inahariri, kwa masharti. Tengenezeni nakala nyepesi: chagueni klipu zote, Generate Proxy Media, ukubwa nusu, DNxHR LB kwa Windows au ProRes Proxy kwa Mac. Mashine itafanya kazi hiyo usiku kucha na asubuhi mtahariri bila kukwama. Wakati wa kutoa filamu, hakikisheni kisanduku cha kutumia proxy hakijawekwa alama, la sivyo mtaitoa filamu ya nakala nyepesi na kujiuliza picha imekuwaje. Ukurasa wa Fusion usiguswe kwenye mashine hizi. Hata kichwa cha maandishi kinachoitwa Text+ ni Fusion kwa siri. Tumieni Text ya kawaida kwa majina ya wahojiwa, ni nyepesi mno.

Kuunganisha sauti ya kinasa na picha ya kamera kumetengenezwa vizuri sana, na ni bure. Chagueni klipu ya picha na ya sauti, Auto Sync Audio, kwa kulinganisha mawimbi. Sharti ni kamera nayo iwe imerekodi sauti, hata mbaya, na mtu apige kofi moja mwanzoni. Simu ya pili mfukoni mwa mhojiwa, ikirekodi WAV kupitia maiki ya waya, inakuwa kinasa kizuri.

Maandishi ya mahojiano ndipo toleo la bure linapokutupa mkono. Lakini hapa msilie sana, kwa sababu hata Studio inatambua lugha chache, nyingi za Ulaya na Asia ya Mashariki, na mzee wa Pangani akisimulia kwa Kiswahili chake haitaandika cha maana. Njia inayofanya kazi ni Whisper ya OpenAI, ya bure, inayofanya kazi kwenye kompyuta yenu bila intaneti na inayokijua Kiswahili kiasi. Hukosea majina ya watu na mahali, hubandika maneno pamoja, na ikikuta lahaja au Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza hubuni. Ichukulieni kama rasimu ya kukurahisishia kutafuta, kisha mtu asikilize na kusahihisha yale tu yatakayotumika. Inatoa faili la SRT, ambalo Resolve ya bure hulipokea moja kwa moja kama manukuu. Kumbukeni klipu nyingi za simu huanza zote kwenye sifuri, kwa hiyo kwenye daftari andikeni jina la klipu pamoja na dakika. Dakika peke yake haitawaambia ni klipu ipi.

Kuhariri kwenyewe, ukurasa wa Edit hauna deni. Kila mhojiwa apewe mstari wake wa kuhariria, wekeni alama kwa M kila sentensi nzuri, rangi moja kwa kila mada. Kisha fungueni mstari mpya na kusanyeni alama za rangi moja pamoja. Hiyo ndiyo rasimu ya kwanza, itakuwa ya dakika 25, na itachosha. Kateni hadi 14 kwa maneno tu kabla ya kuweka picha hata moja ya kufunikia. Wanaoweka picha mapema hushindwa kuitupa sentensi dhaifu kwa sababu imeshavishwa picha nzuri.

Kwenye Fairlight, kwa kila mhojiwa: kata chini ya Hz 80 hadi 100, weka kompresa (kifaa cha kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) ya 2:1 au 3:1, na kama kuna mlio wa umeme tumia De-Hummer ikiwa kwenye Hz 50. Weka ukimya wa chumba chini ya mahojiano yote. Kipimo cha LUFS, yaani cha ukubwa wa sauti unavyosikika, kimo: YouTube hulenga -14, televisheni zinazofuata kanuni ya EBU R128 huomba -23. Muziki ukisikika unashindana na mtu, mtu ameshashindwa.

Rangi tutapita haraka. Ni ukurasa bora kuliko wa programu yoyote ya bure, na mwanafunzi anahitaji sehemu ndogo yake: fungua Waveform, panga mwanga wa klipu zote za mhojiwa mmoja zilingane, rekebisha rangi ya mwanga, toka. Msitafute "mwonekano wa sinema".

Mahali inapowaangusha watu wa maabara

Tofauti na programu nyingine, Resolve haihifadhi mradi kama faili unaloliona kwenye folda. Mradi unakaa ndani ya hifadhi yake kwenye kompyuta ile. Maabara nyingi za vyuo zimewekewa mfumo wa kufuta kila kitu mashine inapozimwa, na wiki tatu za kazi huondoka nazo. Kila mnapomaliza, rudini kwenye orodha ya miradi, Export Project, mpate faili la .drp kwenye fleshi na kwenye barua pepe ya kundi. Ni dogo kwa sababu halina video ndani. Mkitaka mradi na video pamoja, tumieni Archive, inayotoa folda ya .dra.

Ukihamia mashine nyingine na kila klipu ikawa nyekundu, Media Offline, hakijafutwa kitu. Kwa kawaida Windows imeipa diski yenu herufi nyingine, jana E leo F. Chagueni klipu zote, Relink, elekezeni kwenye folda. Afadhali zaidi ni kuipa diski herufi ya mbali, kama M, kila inapochomekwa. Na majina ya faili yasibadilishwe tena baada ya kuingizwa.

Umeme ukikatika, Live Save (kuhifadhi kila badiliko papo hapo) huokoa karibu kila kitu. Washeni pia Project Backups kwenye mapendeleo, maana haijiwashi yenyewe kila mahali, na Live Save huhifadhi hata kosa lako kwa uaminifu uleule.

Kutoa filamu: H.264, 1080p, fremu 25, megabiti 16 kwa sekunde. Dakika kumi zitakuwa GB 1.2, ambayo WhatsApp inaikubali ikitumwa kama dokumenti. Ikitumwa kama video itabanwa hadi maandishi ya chini yasisomeke.

Nani aitumie, nani aiache

Mwenye RAM GB 16 na kadi ya picha ya kueleweka asitafute kingine. Mwenye GB 8 aitumie kwa nakala nyepesi na uvumilivu. Mwenye GB 4 asijaribu. Kdenlive itamfikisha, bila ukurasa wa rangi wa maana. CapCut ni ya haraka kwa klipu za mitandao, lakini ukiwa na saa mbili za mahojiano na mstari wenye mikondo minane inakuwa mzigo, na vitu vilivyokuwa bure humo vimekuwa vikihamia kwenye malipo.

Studio ya dola 295 hulipwa mara moja, haina ada ya mwaka, na leseni moja huwashwa kwenye kompyuta mbili. Kwa mwanafunzi mmoja si matumizi mazuri. Pesa hiyo inanunua maiki nzuri, tripodi yenye kichwa kinachozunguka vizuri na diski mbili, na chenji inabaki. Kwa idara yenye maabara, leseni moja kwenye mashine iliyotengwa kwa kusafisha sauti na chenga, ambapo kila kundi huja na .drp na klipu zake kwa zamu, ni ununuzi wa busara.